Kabati Halikunisaidia: Nilivyokiweka Sawa Chumba Changu cha Igogo

Kwa miaka mitatu kila mgeni aliyeingia chumbani kwangu alikaa ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa kiti kilikuwa kimejaa nguo, akatazama huku na huku, kisha akanipa ushauri uleule: "Mwalimu, wewe nunua kabati tu." Alisema hivyo mjomba, alisema hivyo mwalimu mwenzangu, alisema hivyo hata kijana anayeniletea maji. Nimeona niandike habari hii kwa sababu kabati nililinunua, nikajuta, na chumba kikaja kuwa safi baada ya kabati hilo kuondoka.

Ninapanga chumba kimoja Igogo, jijini Mwanza, upande wa mlimani, mahali ambapo gari halifiki na mzigo hupandishwa kwa kichwa. Nyumba zetu zimepenyezwa katikati ya mawe ya matale, na ukuta wa nyuma wa chumba changu umekaribiana mno na jiwe lililo kubwa kuliko nyumba yenyewe, hata mkono haupiti. Mandhari ni mazuri, ziwa liko chini yako, na wageni hawaondoki bila kupiga picha. Lakini mvua ya masika ikinyesha, maji huteremka juu ya jiwe kama yanavyoteremka juu ya bati, hujikusanya nyuma ya ukuta, na ifikapo usiku wa manane sakafu hutoa jasho. Katika chumba hichohicho ninalala, ninasahihisha madaftari, ninapika kwa jiko la gesi, na nilikuwa nimehifadhi mashati 31, idadi niliyoipata siku niliyothubutu kuyahesabu. Niliyokuwa nikiyavaa yalikuwa 6.

Kabati lenyewe nililipata kwenye karakana moja ya mjini kwa shilingi laki mbili na ushee. Lilikuwa na milango mitatu na kioo, nalo lilitengenezwa kwa zile mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, zikafunikwa karatasi nyororo iliyochorwa mfano wa mninga. Muuzaji aliligonga kwa ngumi mara mbili ili nione uimara wake, nami, msomi mzima, nikaridhika na ngumi. Mkokoteni ulilifikisha pale lami inapoishia. Kutoka hapo nilikodi vijana wanne, na kwenye kona ambapo njia hupita kati ya mawe mawili, kabati likagoma. Tulilisimamisha, tukalilaza, tukaligeuza miguu juu. Majirani wakatoka kutoa maelekezo yanayopingana, na mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa akauliza kama ninaoa. Mwishowe lilipitishwa juu ya jiwe kwa kamba, kioo kikimulika nyumba za chini kwa jua la saa nane, hivyo kwamba hata waliokuwa ndani walitoka kutazama. Mlangoni kwangu nako halikuingia. Ikabidi lifunguliwe, liunganishwe upya ndani, na kazi ilipokwisha skrubu saba zilibaki mkononi mwa kijana mmoja, wala hapakuwa na aliyejua zilikotoka. Vijana walipoondoka nilikuwa nimetoa karibu elfu arobaini nyingine, bila kuhesabu soda.

Miezi miwili ya kwanza nilijiona tajiri. Kila kisichokuwa na mahali nilikifungia humo, na kisichotosha humo nilikisukumia uvunguni katika maboksi, kwani mshauri mwingine aliwahi kuniambia kwamba uvungu wa kitanda ni stoo ya bure. Mgeni aliyeingia aliona chumba cha mtu aliyestaarabika. Ukweli ni kwamba uchafu ulikuwa uleule, tofauti ikiwa tu kwamba sasa ulikuwa na milango mitatu na kioo.

Kisha masika yakaingia. Sehemu ya chini ya kabati ilinyonya maji ya sakafu, ikavimba kama andazi lililosahaulika ndani ya chai, na mlango wa kati ukakataa kufunguka. Nilipoutoa kwa bisibisi, koti langu la sherehe lilikuwa na ukungu wa kijani mabegani, na mende walitawanyika kwa mwendo wa watu wanaojua njia zote za nyumba. Usiku huohuo nilivuta boksi moja uvunguni, kitako chake kikabaki sakafuni na madaftari ya Darasa la Tano yakanimwagikia miguuni, yakiwa yamelowa hadi katikati. Mwalimu aliyewahi kuwachapia wanafunzi maneno makali kwa sababu ya daftari chafu ataelewa jinsi nilivyokaa kimya kitandani kwa muda mrefu.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mama mwenye nyumba alinikuta nimeyapanga madaftari mlangoni, nikiyapepea kwa mfuniko wa ndoo. "Mwalimu, hayo utayapepea mpaka Krismasi," alisema. "Yapandishe kwenye jiwe." Tuliyapandisha, tukayafunua, tukaweka kokoto juu ya kila moja ili upepo wa ziwani usiyachukue, na kufikia saa tisa yalikuwa yamekauka, yakikatika kama maganda ya karanga lakini yakisomeka. Jiwe la matale likipigwa na jua tangu asubuhi hupata joto linalopenya kandambili, nalo huendelea kuwa vuguvugu hata jua likishazama. Nilikuwa nimelichukia jiwe hilo kwa miaka mitatu kwa sababu ya maji yake, bila kujua kwamba lilikuwa kifaa bora kuliko vyote nilivyonunua. Tukiwa tunayakusanya, mama aliniambia jambo ambalo hakuna mshauri mwingine aliyewahi kuliona: "Shida yako si kabati, baba. Shida yako ni sakafu."

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja, kwamba chochote kisiguse sakafu isipokuwa miguu ya kitanda, na hata hiyo nimeisimamisha juu ya tofali mbili mbili. Mtu asipuuze tofali. Uvungu ukiinuliwa kiasi hicho, fagio hupita kutoka ukuta hadi ukuta bila kuinua kitu, na nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya chumba kinachofagiliwa kila siku na kinachofagiliwa Jumamosi. Zamani kufagia kulikuwa ni kuhamisha: ndoo huku, viatu kule, boksi juu ya kitanda, na baada ya hapo unachoka na kuahirisha deki. Sasa ninafagia chai ikiwa jikoni. Kitanda chenyewe nimekitenga na ukuta kwa upana wa kiganja, maana shuka ikigusa ukuta wenye unyevu hunuka hata kama imefuliwa jana.

Tranka langu la shule ya sekondari, ambalo lilikuwa kwa shangazi likitumika kuwekea mahindi, nililiomba lirudi. Ni la bati, mende hawalitoboi na maji hayalivimbishi. Limekaa juu ya tofali nne na ndani yake kuna karatasi, vyeti na madaftari. Mablanketi na nguo za baridi zimo ndani ya mifuko miwili ya shangazi kaja iliyoning'inizwa kwenye kenchi, maana nyumba yetu haina dari, jambo nililokuwa nikilionea aibu na ambalo leo ninalihesabu kuwa neema. Gharama ya yote haya siikumbuki vizuri. Tofali niliokota nyingine kwa jirani aliyemaliza kujenga choo, na kamba ni ileile iliyopitisha kabati juu ya jiwe.

Mashati niliyagawa hadi yakabaki 12, na si kwa sababu ya utakatifu. Nilikwenda sokoni Makoroboi nikanunua hanga 12, nikaapa kwamba ya 13 haitaingia. Nikipita soko la Mlango Mmoja na shati la mtumba likiniita kutoka kwenye rundo, hujiuliza ni lipi kati ya yale 12 litakaloachia hanga yake, na mara nyingi ninaendelea na safari yangu. Mara moja tu nimeshindwa, nalo lilikuwa shati la kitani.

Wasioishi kando ya ziwa hawatajua adha ya wadudu wa ziwani. Huibuka kutoka majini kwa makundi yanayoonekana mbali kama moshi, hasa siku za mwezi kuandama, na upepo ukielekea kwetu huingia kwa kufuata taa. Hawaumi wala hawaishi siku nyingi, lakini asubuhi unakuta wamelala dirishani na juu ya chandarua kama pumba, na ukiwafuta kwa kitambaa kibichi unaupaka ukuta rangi ya kijani yenye shombo. Nilijaribu dawa ya kupulizia, nikaishia kukohoa mimi. Dawa yao niliyoigundua ni kuzima taa ya ndani kabla giza halijashika, kuwasha ile ya uani, na kusahihisha kazi zangu mapema. Wachache wanaoingia huwaacha wakauke, kisha ninawafagia kwa fagio kavu. Yeyote atakayekushauri kuwafuta wakiwa wabichi hajawahi kupaka chokaa mwenyewe.

Kila mwisho wa mwezi, jua likiwa kali, godoro na mito hupanda kwenye jiwe, na chaga za kitanda humwagiwa maji yanayochemka kwenye viungo, mahali ambapo kunguni hupenda kujificha. Kwa jua pekee sikuwamaliza. Maji ya moto ndiyo yaliyowamaliza.

Kabati sikuliuza, maana hakuna aliyetaka kulishusha. Ubavu wake mmoja ambao haukulowa ni rafu juu ya mlango wangu, ninapoweka begi la safari na feni. Mlango wa kati umekuwa kifuniko cha banda la kuku la mama mwenye nyumba, na kioo kiko uani, ambako wapangaji wote tunachania nywele.

Kilichobaki kunisumbua kilikuwa kile kiti, kwa sababu ya nguo zilizovaliwa mara moja, ambazo si chafu za kufua wala si safi za kurudi kwenye hanga. Nilizikemea, nikazikunja, zikarudi kitini. Mwishowe nilipigilia misumari mitatu nyuma ya mlango, mitatu tu, ili nguo ya nne ikija ilazimike kwenda kwenye beseni la kufulia, kisha nikampa mama mwenye nyumba kiti akakitumie sebuleni kwake. Nilipokwenda kulipa kodi juzi alinikaribisha, akanionyesha mkekani nikae, kwani kiti kilikuwa kimebeba kanga nne na sweta.