Siku moja maishani mwangu: kuongoza safari za baiskeli kando ya mto

Saa 11:30 alfajiri

Kazi inaanza kwa kuminya matairi. Baiskeli saba zimepangwa ukutani, na kila moja naishika tairi la mbele, kisha la nyuma, ndipo nachukua pampu yenye geji. Matairi yetu ni mapana, milimita 40, na njia ya leo ni udongo mgumu, changarawe na vipande vichache vya lami. Najaza upepo wa paundi 45 hivi. La nyuma naliongeza kidogo kwa sababu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji. Waliozoea baiskeli nyembamba za mashindano hudhani kadiri tairi linavyokuwa gumu ndivyo linavyokwenda kasi. Kwenye lami laini, sawa. Kwenye njia ya kijijini tairi lililojaa kupita kiasi linaruka juu ya kila kokoto, na mruko huo unaishia kwenye viganja na kiuno cha mtu.

Halafu breki, cheni, kengele. Baiskeli ambayo kengele yake hailii siitoi bandani.

Saa 12:45 asubuhi

Wageni wamefika: mama mmoja na binti yake, mume na mke vijana, mzee mstaafu, na kijana aliyevaa nguo za mashindano kuanzia kofia hadi viatu. Napima siti moja moja. Mtu akae, aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, kimo kimepatikana, kwa sababu atakapokanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunjwa kidogo. Siti ikiwa chini mno, magoti yanauma kabla ya saa sita.

"Mwanangu, nitaweza kweli?" mama ananiuliza huku ameshika usukani kwa nguvu. "Sijapanda tangu nikiwa msichana."

"Utaweza, mama. Leo hakuna atakayekuacha."

Hayo si maneno ya kumtia moyo tu. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote namweka nyuma yangu moja kwa moja, naye ndiye anayepanga kasi ya kundi. Akibaki mkiani kila mara atakuta wenzake wamesimama wanamsubiri, na akifika wao wanaondoka. Yeye hapati kupumzika hata kidogo. Yule kijana wa mashindano nimempa mkia wa msafara, pamoja na pampu ya akiba. Amefurahi kupewa kazi.

Saa 1:15 asubuhi

Tumeondoka tukifuata mkondo wa maji. Mwendo ni kilomita 12 hadi 15 kwa saa, na naulinda mwendo huo kuliko kitu kingine chochote siku nzima. Watu wakipata njia tambarare miguu inajiendea yenyewe, na kabla hujageuka kundi linakimbia. Kutoka kilomita 15 hadi 25 kwa saa, nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma inaongezeka karibu mara tatu. Jasho linaanza, maongezi yanakatika, macho yanakazia tairi la aliye mbele. Hapo mto unaweza kuwa kando yako kilomita nzima na usiuone.

Saa 2:00 asubuhi

Ukungu. Usiku hewa imepoa kuliko maji, na mvuke unaotoka mtoni unapoa na kuwa matone madogo yanayoelea juu ya uso wa mto. Jua likipanda kidogo tu yote yanatoweka, ndiyo maana naamka mapema hivi. Tumeshuka kwenye baiskeli bila mtu kuambiwa ashuke.

Hapa mto unapinda mara kwa mara, na ni mahali ninapopenda kuwasimamisha wageni kwa muda mrefu. Kwenye kona, maji ya upande wa nje yanakwenda kasi na kula ukingo. Ya upande wa ndani yanapunguza mwendo na kuuangusha mchanga yaliokuwa yamebeba. Ndiyo maana upande mmoja una ukuta wa udongo uliosimama wima na wa pili una ufuko mpole. Mambo haya ni elimu ya usalama pia. Ukingo wa nje huwa umechimbwa kwa chini, juu unaonekana mzima na nyasi zake, kumbe hauna kitu chini yake. Hatuegeshi baiskeli pale, na hatusogei kupiga picha. Tunapumzika upande wa ufuko.

Binti wa yule mama ndiye aliyemwona mdiria wa kwanza, ametulia kwenye tawi lililoinamia maji. Ndege huyu huruka upesi akisikia vishindo vya miguu, lakini baiskeli inayokwenda taratibu yenye cheni iliyopakwa mafuta haipigi kelele. Tumekaribia hadi tukauona mdomo wake vizuri, akajitupa majini, akarudi na samaki. Mzee mstaafu amepiga makofi kama mtoto.

Saa 3:45 asubuhi

Tumeacha ukingo na kuingia vijia vya kijijini. Wageni huuliza kwa nini njia hizi zinajipindapinda badala ya kwenda moja kwa moja. Zilitengenezwa na miguu ya watu na wanyama: zinazunguka shamba, zinakwepa bonde linalojaa maji, zinapanda palipoinuka. Mto unapofurika hutua mchanga mzito karibu na kingo zake, kwa hiyo mara nyingi ardhi iliyo jirani kabisa na maji imeinuka kuliko iliyo nyuma yake. Njia za zamani zinajua jambo hilo. Ukizifuata, hukwami kwenye tope hata baada ya mvua.

Ndani ya kijiji nina masharti, na siyalegezi kwa mgeni yeyote. Kengele inapigwa mara moja, kutoka mbali. Kuipiga mgongoni mwa mtu ni kumshtua. Kwenye kona isiyoonyesha mbele tunakwenda mstari mmoja. Tukikuta mifugo tunashuka na kukokota, na mchungaji ndiye anayesema tupite lini. Mbwa akitufukuza, nasimama, naiweka baiskeli kati yangu na yeye. Akiona hakuna kinachokimbia, mara nyingi hamu inamwisha. Na tunasalimia kila mtu. Sisi tunapita kwa starehe mahali ambapo wenzetu wanafanya kazi, na kijia tunachokisifia uzuri wake kimebaki kizuri kwa sababu wao wanakifyeka.

Saa 5:10 asubuhi

Pancha. Tairi la nyuma la yule mume kijana, mwiba.

Ningeweza kubadilisha tyubu tukaondoka mara moja, lakini kuna kijito hatua chache kutoka hapa na hakuna anayetukimbiza, kwa hiyo nimewaita wote waje waone. Tyubu ndani ya maji, povu linaonyesha tundu. Kausha, piga msasa, paka solusheni kwa wembamba, kisha ngoja. Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Kiraka kikibandikwa gundi ikiwa bado mbichi, kitaachia njiani. Iache kama dakika tano hadi ikiguswa isinate kwenye kidole.

Katika dakika hizo nimewasimulia habari za John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast. Kati ya mwaka 1887 na 1888 alitengeneza matairi ya mpira yaliyojazwa hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, iliyokuwa ikimrusharusha kwenye mawe. Robert William Thomson alikuwa amepata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya wazo kama hilo tangu 1845, ila wakati huo baiskeli za pedali zilikuwa bado hazijaenea. Hewa tunayoikalia leo ilianza na baba aliyetaka mtoto wake aende bila kuumia.

Kabla ya kurudisha tyubu nimempa kijana wa mashindano apapase ndani ya tairi kwa vidole, polepole. Mwiba ulikuwa bado umo.

Saa 6:45 mchana

Chakula chini ya mti, viatu vimevuliwa. Mzee ameuliza kwa nini wasafiri wa baiskeli duniani kote wanapenda mito. Nimemjibu kwa mfano wa Danube: kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, mto unasafiri karibu kilomita 300 na kushuka kama mita 150 tu. Miguu haijui kama inateremka au la. Njia ya baiskeli ya pale ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli inayotoka pwani ya Atlantiki huko Ufaransa hadi Bahari Nyeusi huko Romania, ikifuata mito kama Loire, Rhine na Danube. Mto umekwishatafuta mteremko mpole kabla yetu. Mzee ameandika majina yote kwenye daftari.

Saa 8:15 mchana

Kurudi. Asubuhi hewa ilikuwa imetulia. Sasa jua limepasha miteremko ya bonde na upepo unavuma kuelekea juu. Ndiyo sababu tulitangulia kushuka na mkondo: tunapanda upepo ukiwa mgongoni. Mama sasa anaendesha kwa mkono mmoja akimwonyesha binti yake kitu ng'ambo.

Saa 10:30 jioni

Wageni wamekwenda. Kilomita 36, na muda wa kukanyaga pedali haukufika saa tatu. Naosha tope, nafuta cheni, natia tone la mafuta kwenye kila kiungo. Mafuta yanayozidi nitayafuta, maana yakibaki yanakusanya mchanga.

Kikundi cha kesho kimeniandikia kikitaka kilomita 70. Nimewajibu kwamba zinawezekana, ila tutaacha vijia na kushika barabara kubwa, na kusimama kutakuwa kwa kunywa maji tu. Nimewatumia ramani mbili, ya 70 na ya 36, na kuwaambia wazi ipi naipenda. Wamechagua fupi. Wanauliza kama tunaweza kuondoka mapema ili wasiukose ukungu. Nimewaambia waje saa 12:15.