Ile sahihi yenye mkia

Jumapili Shosho, nyanya yangu, aliniuliza swali moja, akaendelea kuchambua njahi. Leo ni Ijumaa na bado ninalo.

Nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda kibovu cha jikoni kwake, simu mkononi, namweleza kwamba nimerudi tena kumtafuta baba yake, yule Myahudi wa Ujerumani aliyekuwa Molo wakati wa vita. Nilidhani naeleza vizuri. Kwamba kule Yerusalemu, Yad Vashem, wana majina ya karibu watu milioni 5 waliouawa na Wanazi, na mengi yalijazwa kwenye fomu na jamaa zao, kwa mkono, fomu moja mtu mmoja. Kwamba kama mzee alijaza ya yeyote, tutamwona. Shosho akatoa kijiwe kwenye njahi, akakirusha mlangoni, kuku akakikimbilia.

"Na yeye alinitafuta?"

Basi. Kichwa hakuinua. Nimelirudia hilo swali kwenye matatu, nikiwa kaunta nahesabu vidonge vya watu, hata nikioga. Kuna wakati nasikia uzito uko mwishoni, na hapo ni swali la kweli, anataka kujua. Kuna wakati uko kwenye "yeye", na hapo ni kofi.

Na mimi nikamjibu nini? "Shosho, kulikuwa na vita." Upuuzi mtupu. Vita vilikwisha 1945, na mzee aliondoka Molo 1947, Shosho ana miaka minne na anakimbia.

(Ruracio, yaani mahari, ya kaka yangu Jumamosi ilienda salama, na bosi amenipa tawi jipya nilisimamie. Hayo nitayaandika siku nyingine.)

Wanaonisoma tangu zamani wanajua tulichonacho ni barua moja. Barua ya kazi ya 1947, ambayo mzee alimwandikia mama yake Shosho alipokuwa anafunga mizigo, na ambayo imekaa kwenye mkebe wa kakao miaka yote hii. Mwaminifu, msafi, anajua kutunza kuku. Mwanamke amekuzalia, unamwandikia barua ya kazi! Mara ya kwanza kuisoma nilitaka kuichana. Chini pana sahihi isiyosomeka, ina mkia mrefu unaorudi nyuma chini ya jina kama ndoana. Jina lenyewe kwetu lilibaki mdomoni tu, likatamkwa Kikikuyu miaka 80 mpaka Mjerumani hawezi kulijua. Siliandiki hapa, huenda ana watu wake mahali, na hawajaniomba.

Ndiyo maana nilikwama. Kilichonikwamua ni njia ya kutafuta jina kwa sauti badala ya herufi, waliyoitengeneza Daitch na Mokotoff, Wamarekani wawili, mwaka 1985, kwa sababu jina moja la Kiyahudi liliandikwa na makarani wa Kijerumani, wa Kipolandi, wa Kirusi, kila mmoja na masikio yake. Unaandika unavyosikia, unaletewa yote yanayokaribiana. Masikio ya Molo sidhani waliyafikiria, lakini hata hayo yalifaa.

Kabla ya hapo nilipotezwa na Sara. Niliona Berta Sara kwenye orodha ya waliosafirishwa kutoka Breslau, mji wa Ujerumani wakati ule, nikashangilia, nikaanza kutafuta kila Sara. Wakaja maelfu. Kumbe kuanzia Januari 1939 serikali ya Hitler ilimlazimisha kila Myahudi ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha yao ya majina ya Kiyahudi aongeze la pili: wanawake Sara, wanaume Israel. Chapa ya ng'ombe, hiyo.

Kwa nini Berta? Kwa sababu Shosho ni Berta, na mimi ni wajina wake, mnajua. Nyumbani tuliambiwa ni jina la sista mmoja wa misheni, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mimi lilikuwa linanikera. Kwetu msichana wa kwanza huitwa mama ya baba, sawa, lakini baba huyu hakuleta hata mbuzi mmoja wa mahari. Mtoto wa namna hiyo ni wa kwa kina mama yake, na jina hupewa la huko. Kwa desturi ya Wayahudi nako uzao hupita kwa mama, kwa hiyo Shosho si wao. Kwao mtoto hufuata mama, kwetu hufuata mbuzi, na kote kuwili yule mzee anatoka bila mtoto.

Jumatano usiku nikaipata. Fomu ya Kiebrania, majibu kwa wino, imejazwa Haifa, 1956. Berta. Aliishi Breslau, ambayo siku hizi ni Wrocław, Poland. Aliuawa Kovno, huko Lithuania, 1941. Anayejaza: mwana. Na chini, sahihi. Nililaza simu kando ya ile barua juu ya kitanda nikaikuza picha. Mkia ule ule, ndoana ile ile.

Halafu, nacheka nikiandika, nikaanza kutafuta mahali pa Shosho kwenye ile karatasi. Nimeipindua, nimeikuza. Fomu haimuulizi anayejaza kama ana watoto.

Treni ilitoka Breslau tarehe 25 Novemba 1941 na watu kama 1,000. Tarehe 29 walipigwa risasi kwenye Ngome ya Tisa, nje kidogo ya Kovno, pamoja na waliotoka Vienna, watu 2,000 kwa siku moja. Shosho alizaliwa 1943, ile njaa ya mihogo. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kuyumba. Kwa desturi Wayahudi wa Ujerumani hawampi mtoto jina la nyanya aliye hai, ni kama kumwitia kifo. Hupewa la marehemu. Na 1943 mzee yuko shambani kwenye pareto ya mtu, Waingereza wameshamfunga na kumwachia kwa kosa la kuwa Mjerumani, na habari za Breslau, kama zingekuja, ni za maneno 25 kupitia Msalaba Mwekundu. Angejuaje?

Basi ama mama yake Shosho alimuuliza tu, "Mama yako anaitwaje?" akambandika mtoto jina kama mke aliyelipiwa mbuzi wote, na mzee akameza mate, akanyamaza. Ama alilitoa mwenyewe. Na kama alilitoa mwenyewe, siku hiyo alikuwa anamzika mama yake, bila barua, bila kaburi, mtoto mkononi.

Jana nikampigia.

"Shosho, alijaza fomu ya mama yake. Anaitwa Berta."

Kimya. Nasikia redio yake, matangazo ya vifo.

"Alizikwa wapi?"

"Hawakuzikwa, Shosho. Ni shimo tu."

"Na hiyo fomu ni ya kumtafuta?"

"Hapana. Ni ya kumkumbuka."

Redio ikataja marehemu wawili wa Njoro na kamati zao.

"Haya. Liandike hilo jina kwa karatasi, herufi kubwa, uje nalo Jumapili. Na dawa yangu ya goti. Isiwe ile inayonuka."

Lile swali hakulirudia. Ni mimi ninayelirudia, na tangu jana uzito umehama tena: uko kwenye ile "ni" ndogo ya katikati, ambayo Jumapili hata sikuisikia.

Kesho tunahesabu mali dukani kabla sijahamia tawi jipya. Chupa 12 za dawa ya kikohozi zimo kwenye kitabu na rafuni hazimo, na ufunguo wa stoo ninao mimi peke yangu.