Kisima cha graniti hakina namba moja

Chukua kipande kizima cha graniti, kisicho na ufa hata mmoja, ukipime maabara. Upitishaji wake wa maji utakuwa kwenye 10⁻¹² m/s au hapo karibu, yaani kwa mahitaji ya binadamu ni jiwe kavu. Sasa chimba kisima kwenye mwamba huohuo, hatua chache pembeni, na kinaweza kutoa lita 3,000 kwa saa. Hakuna aliyekosea kupima. Maabara ilipima jiwe, kisima kimepima nyufa. Kwa sisi tunaotafuta maji kwenye miamba migumu ya Tanzania ya kati, hili ndilo jambo linaloharibu ripoti nyingi: namba imeandikwa, lakini haijaandikwa imepima ukubwa gani wa mwamba.

Tuanze na ufa wenyewe. Kiasi cha maji kinachopita kwenye ufa hufuata upana wake ukipandishwa kwa kipeo cha tatu. Ufa ukiongezeka upana mara mbili, maji yanaongezeka mara nane. Ndiyo maana wastani wa nyufa mia haukuambii kitu, wakati mmoja kati yao unaweza kubeba karibu maji yote. Mafundi wa kuchimba wanalijua hili kwa macho: nyundo ya hewa inatoa vumbi kavu mita ishirini mfululizo, kisha ghafla kwenye mita ya 38 vumbi linageuka tope na maji yanaruka juu. Kina hicho kiandikwe palepale, pamoja na kiasi cha maji. Ndoo ya lita 20 na saa vinatosha: ikijaa kwa sekunde 24, hizo ni lita 3,000 kwa saa.

Ukitaka kuujua ufa mmoja mmoja, unatenga kipande cha kisima kwa vizibo viwili vya mpira vinavyojazwa hewa au gesi, kimoja juu na kimoja chini, kisha unasukuma maji katikati yao. Huu ndio mtindo wa Maurice Lugeon, Mswisi aliyeueleza mwaka 1933 kwa ajili ya mabwawa. Lugeoni moja ni lita moja kwa dakika kwa kila mita ya kisima, kwa shinikizo la baa 10, na inalingana na takriban 1.3 × 10⁻⁷ m/s. Tuseme umetenga mita 5, shinikizo ni baa 4, na maji yanayoingia ni lita 6 kwa dakika. Gawa 6 kwa 5, zidisha kwa 10, gawa kwa 4: Lugeoni 3. Maji yote hayo yanaweza kupitia ufa mmoja wa milimita 0.13, mnene kidogo tu kuliko karatasi ya kuchapishia. Namba inasema mita tano, maji yanajua sehemu moja.

Kipimo hiki huharibika kwa njia mbili hasa. Ya kwanza, kizibo hakikukaa vizuri kwa sababu ukuta wa kisima umemomonyoka, hivyo maji yanapanda pembeni yake. Shusha tepu ya kupimia kina juu ya kizibo cha juu. Maji yakipanda huko wakati unasukuma, acha, hamisha kizibo nusu mita, anza upya. Ya pili ni shinikizo kubwa kupita kiasi, ambalo linaupanua ufa unaoupima. Usizidishe takriban baa 0.23 kwa kila mita ya mwamba ulio juu yako. Kwenye kina cha mita 20 hiyo ni kama baa 4.5. Panda kwa hatua na ushuke kwa hatua zilezile, dakika kumi kila moja. Kama wakati wa kushuka maji yanayoingia ni mengi kuliko wakati wa kupanda kwa shinikizo lilelile, umesafisha au umefungua ufa, na hiyo si hali yake ya asili.

Kipimo cha pampu, yaani kuvuta maji kisimani na kupima yanavyoshuka, ndicho kinachofanywa zaidi, na ndicho kinachosomwa vibaya zaidi. Kisima cha kipenyo cha milimita 165 kinashika lita 21 kwa kila mita. Ukivuta lita 50 kwa dakika na maji yakashuka mita 10, zaidi ya dakika nne za mwanzo zimekwenda kwenye maji yaliyokuwa yamesimama kisimani tu. Usizitumie kukokotoa mwamba. Baada ya hapo, chora mshuko wa maji kwenye karatasi ya logi, ambayo mhimili wake wa muda hupanda mara kumi kumi. Kwa mita za ujazo 72 kwa siku na mshuko wa mita 6 kila muda unapozidi mara kumi, 0.183 × 72 ÷ 6 inakupa upitishaji wa unene wote wa mwamba: mita mraba 2.2 kwa siku (0.183 ni namba isiyobadilika ya kanuni hii).

Mstari huo ukivunjika ghafla kuelekea chini, angalia kina. Kama maji yalisimama mita 14 na ufa mkuu uko mita 38, mara nyingi utakuta mvunjiko hapohapo. Maji yakishashuka chini ya ufa, yanaanguka tu kama kutoka kwenye mfereji. Kushusha kina zaidi hakuongezi mvuto wowote, kwa hiyo pampu inakula akiba ya kisima mpaka inyonye hewa. Mtu aliyepima kwa muda wa saa tatu mwezi wa Aprili hakuuona mvunjiko huo. Kijiji kitauona Novemba, maji yakiwa yameanzia mita 19. Ndiyo maana nasisitiza saa 24 kwa uchache, dizeli ya kutosha kabla ya kuwasha jenereta, koki ya kurekebisha kiasi pampu inapolegea, na bomba la kumwaga maji mbali, mita 100 au zaidi, yasije yakarudi kupitia nyufa. Jenereta ikizima katika saa ya kumi na saba ya kipimo, pima maji yanavyorudi, kisha anza tena siku nyingine.

Ukiwa na visima vya jirani, vipime vyote. Kilicho umbali wa mita 30 kinaweza kisitikisike huku kilicho umbali wa mita 200 kikishuka, kwa sababu ufa una uelekeo wake. Na kiasi si kasi. Kwa upitishaji wa 10⁻⁶ m/s na mteremko wa maji wa 1 kwa 100, maji kwenye mchanga wenye nafasi wazi za asilimia 20 husafiri mita 1.6 kwa mwaka. Kwenye mwamba ambao nyufa zake ni asilimia 0.1 tu, ni kama mita 315. Anayepanga umbali wa choo cha shimo kwa hesabu ya mchanga anahatarisha watu. Kasi hupimwa kwa chumvi au rangi iliyomwagwa kisima kimoja na kusubiriwa kingine.

Kwa bonde zima, eneo la utafiti la Mirror Lake huko New Hampshire, Marekani, limefundisha mengi. Vipande vya mita chache vilitofautiana upitishaji karibu mara milioni, na nyufa kubwa zilikutwa zimejikusanya makundi makundi, zikiunganishwa na nyufa ndogo. Ukipima eneo kubwa, nyufa ndogo hizo ndizo zinazoamua. Kwetu, Makutupora, eneo la visima vya maji karibu na Dodoma, ina kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950, na zinaonyesha bonde likijazwa kwa vishindo vya mvua kubwa kama za El Niño ya 1997/98, si kidogo kidogo kila mwaka. Hilo hakuna pampu ya saa 24 itakayokuonyesha. Linahitaji kisima kisichovutwa maji, tepu, daftari, na mtu wa kusoma kina kila wiki, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame.