Kisukari na ugali wa muhogo: pima sahani yako mwenyewe

Ukishaambiwa una kisukari, ushauri wa kwanza mtaani ni "acha sukari". Watu wanaiacha kweli kwenye chai, lakini bonge la ugali wa muhogo linabaki vilevile mchana na usiku. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga: gramu 80 na zaidi katika kila gramu 100, protini kidogo mno. Wanga huo ukishasagika tumboni unaingia kwenye damu kama sukari. Uji wa muhogo usiotiwa sukari hata kijiko nao unapandisha, tena upesi, maana ni majimaji na haukai sana tumboni.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mashine ya kupimia sukari nyumbani, kwa maoni yangu, ni kukuonyesha chakula chako kinakufanya nini. Stripu (vijiti vya kuwekea damu kwenye mashine) ni ghali, na wengi wanazimaliza kwa kupima asubuhi tu. Namba ya asubuhi ina maana yake (inaweza kuwa juu hata kama hukula usiku, kwa sababu ini linaachia sukari alfajiri), ila haikuambii mlo gani unakuumiza.

Pima kwa jozi: mara moja kabla tu ya kula, mara ya pili saa mbili tangu tonge la kwanza. Usihesabu tangu uliponawa mikono baada ya kula. Andika namba zote mbili na ulichokula, kwa kiasi. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, lengo la kawaida, kwa kipimo cha mmol/L, ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya kula. Daktari anaweza kukupangia lengo jingine, hasa kwa mzee. Mashine ikionyesha namba kubwa kama 126, hiyo ni kwa kipimo kingine, mg/dL. Gawa kwa 18 upate 7.

Tuseme umeanza na 6.5 ukafika 11.8. Kesho kula mlo uleule, ila ugali uwe wa ukubwa wa ngumi yako, na nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu. Dagaa au mgebuka usipunguze, samaki hana wanga. Maharage yana wanga, lakini huingia polepole kwa sababu ya nyuzinyuzi. Ukibadilisha vitu vitatu kwa siku moja hutajua kipi kimesaidia. Jaribu pia dona siku nyingine, ulinganishe.

Mawese yanawachanganya watu. Hayana wanga, kwa hiyo hayapandishi sukari yenyewe, lakini kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na mlo wenye mafuta mengi huchelewesha sukari kupanda. Kipimo cha saa mbili kinaweza kukupa namba nzuri, kumbe kilele bado. Kisamvu kikielea mafuta, pima tena saa ya tatu au ya nne.

Kuhusu kidole: nawa kwa sabuni, kausha kabisa. Ukitoka kumenya embe au ndizi mbivu bila kunawa, namba itapanda kwa uongo. Maji au spiriti isiyokauka huchanganyika na damu, na kidole chenye mafuta hufanya tone lisambae. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, huuma kidogo kuliko katikati. Damu ikigoma, shusha mkono chini na ukande kiganja kuelekea kidoleni. Kuminya ncha kwa nguvu kunatoa majimaji ya mwilini yanayoharibu kipimo. Tone likiwa dogo, usiongezee juu ya stripu ileile isipokuwa maelezo ya mashine yako yanaruhusu. Kisindano cha kutobolea usiazimane na mtu yeyote, hata wa nyumbani, kwa sababu ya homa ya ini na VVU.

Kichupa cha stripu kifunikwe mara tu unapotoa moja. Kigoma kuna unyevu, na chini ya bati joto la mchana linapita nyuzi 30. Stripu zinaharibika kabla ya tarehe yake. Friji nayo siyo mahali pake. Na 8.0 ikifuatiwa na 8.6 usihangaike, mashine nzuri zinaruhusiwa kutofautiana na maabara hadi asilimia 15.

Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) asipunguze ugali ghafla bila kuongea na kliniki, dozi ilipangwa kwa chakula cha zamani. Ukitetemeka, ukatoka jasho, ukapima ukaona chini ya 3.9, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, na upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini, rudia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.