Siku Yangu na Rangi 16

Saa 1 asubuhi. Laptopu mezani, chai pembeni. Leo namchora mama muuza vitumbua wa gemu yetu ndogo. Tunaitengeneza kwa PICO-8, programu ya kutengenezea gemu ndogo: kioo cha pikseli (nukta za picha) 128 kwa 128, rangi 16 kwa wakati mmoja, basi. Mama mzima, na beseni lake kichwani, anakaa kwenye pikseli 16 kwa 16.

Saa 2. Umbo kwanza, kwa rangi moja tu. Asipotambulika hivyo, rangi hazitamwokoa.

Saa 3 mpaka saa 6. Ngozi, na hapa ndipo asubuhi yote inapoishia. Paleti hii, yaani zile rangi 16, ina pichi kwa ajili ya ngozi nyeupe, na kahawia moja ambayo wengi huiachia magogo na udongo. Kwangu kahawia hiyo ndiyo uso. Kivuli sikiweki cheusi, maana humfanya mtu aonekane kapakwa masizi. Naweka zambarau nzito chini ya kidevu, kisha pikseli moja ya rangi ya chungwa kwenye paji la uso. Ukiangalia watu juani utaona hivyo hivyo: upande wa jua huvutia njano, na kivulini, kunakomulikwa na anga, rangi huelekea buluu.

Mwenzangu anayeandika programu kapiga simu. PICO-8 ina rangi nyingine 16 zilizofichwa, kahawia nzito ikiwemo, ila ukiingiza moja lazima utoe moja.

"Dada, toa pinki."

"Pinki ni pindo la kanga, kaka. Toa kijivu chako."

Hakutoa.

Saa 7. Wali maharage. Mdogo wangu anauliza kwa nini nijitese wakati kompyuta ina mamilioni ya rangi. Nikamfungulia gemu ya Super Mario Bros. ya 1985: kichaka cha chini na wingu la juu ni mchoro mmoja, rangi tu zimebadilishwa. Mashine ya gemu ile iliruhusu kila kipande cha mhusika rangi 3 tu. Akanyamaza, akarudia kuangalia.

Saa 8. Kanga nyekundu. Jina haliandikiki kwa ukubwa huu, nimeweka vidoto vyeupe. Atakayelalamika aje achore yeye.

Saa 9. Nageuza picha yote iwe ya kijivu, nipime mwanga wa rangi. Kanga imezama ukutani! Nyekundu ya PICO-8 na kijani chake kizito vina mwanga karibu sawa, na banda la nyuma ni la kijani hicho. Asiyetofautisha nyekundu na kijani angeona doa tu. Banda likawa buluu nzito, mama akajitokeza, uso na kanga.

Saa 11 jioni. Mandhari ya usiku. Sichori upya: amri ya pal inabadilisha kahawia kuwa zambarau, nyeupe kuwa kijivu, mchoro ule ule. Njano ya taa naiacha ilivyo.

Saa 12. Nimetuma faili. Jibu la mwenzangu limekuja: kesho daladala, na mstari wa ubavuni anautaka pinki.