Albamu ya Randy Travis niliyokuja kuielewa nikiwa Tennessee

Tangu nihamie Tennessee, Marekani, nimezoea kuulizwa Mkenya alijulia wapi muziki wa kantri. Nauguza wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia viungani mwa Nashville, na nikiimba kidogo huku natandika kitanda, utaona mzee anageuka kunitazama. Juzi mmoja wao alisikia nikivuta sauti ya chini kabisa ya "Diggin' Up Bones", akanishika kiganja: "Huyo si Randy Travis? Nani alikufundisha?" Nikamwambia ni baba yangu, na redio. Sisi tuliokulia Nyahururu, Kenya, hatukuitafuta kantri, ilitukuta nyumbani. Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams walikuwa wageni wa kila jioni kwenye kipindi cha Sundowner cha redio ya taifa, KBC, na mpiga mugithi yeyote, yaani muziki wa gitaa wa Wakikuyu, anayejiheshimu alijua kuchomeka wimbo wao mmoja au wawili usiku ukikolea.

Ndiyo maana nasoma kwa hamu yaliyoandikwa kuhusu "Storms of Life", albamu ya kwanza ya Travis, mwimbaji wa kantri wa Marekani, chini ya kampuni ya kurekodi ya Warner Bros., iliyotoka Juni 1986. Ukitaka kuelewa kwa nini ilipokelewa vile, anzia mwaka mmoja nyuma. Septemba 1985, Robert Palmer aliandika kwenye ukurasa wa mbele wa New York Times kwamba muziki wa Nashville, kitovu cha kantri, unadidimia na mauzo yameshuka. Kantri ya miaka ile ilikuwa imelainishwa ili ipendwe na wasikilizaji wa pop: vinanda vya umeme vingi, fidla imesukumwa pembeni. Waimbaji George Strait na Ricky Skaggs walikuwa wameshaanza kuirudisha kwenye mizizi, lakini wakubwa wa kampuni bado walikuwa na wasiwasi.

Travis mwenyewe alikuwa ameonja wasiwasi huo. Kijana wa Marshville, North Carolina, jina lake halisi Randy Traywick, alikuwa akikaanga kambare na kuosha vyombo kwenye klabu ya Nashville Palace, kisha anavua aproni anapanda jukwaani kuimba. Kampuni zilimkataa mara kwa mara kwa sababu moja: kantri yake ilikuwa kantri kupita kiasi. Sisi tulioanzia maisha ya hapa kwenye sinki za mikahawa tunalijua joto la jikoni lile.

Hata Warner walipomchukua, mambo hayakunyooka mara moja. "On the Other Hand" ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1985 ilikwama nambari 67 kwenye chati ya kantri ya Billboard. Ikafuata "1982", ikafika nambari 6, kampuni ikapata moyo wa kuitoa tena ile ya kwanza. Safari hii ilipanda hadi nambari 1. Wimbo ni uleule, sauti ni ileile. Waliobadilika ni wasikilizaji, au tuseme walipewa nafasi ya kusikia.

Wahakiki waliisifu albamu, na sifa zao nyingi ziliangukia sauti. Walimtaja pamoja na magwiji wa kantri George Jones, Merle Haggard na Lefty Frizzell, na hapo sina ubishi. Sikiliza anavyoteremka mwisho wa mstari, anaiachia noti iporomoke taratibu bila kuisukuma. Prodyuza Kyle Lehning anaacha nafasi ya kutosha kuzunguka sauti hiyo, gitaa la stili linajibu kisha linanyamaza. Tuzo nazo zikafuata: chama cha muziki wa kantri, CMA, kilimpa tuzo ya msanii chipukizi mwaka huohuo, na Academy of Country Music ikaitangaza albamu bora ya mwaka. Baadaye ikathibitishwa kuuza nakala milioni 3 Marekani. Jina la Don Schlitz, aliyetunga "On the Other Hand" pamoja na Paul Overstreet, Wakenya mmeshalionja bila kujua: ndiye aliyetunga "The Gambler" ya Kenny Rogers.

Lakini nina dai langu. Sifa zile ziliipima albamu kama habari ya Nashville: je, mapokeo ya kantri ya zamani yamefufuka? Kwa baba yangu hayakuwahi kufa, kwa hiyo kufufuka kwa mapokeo hayo hakukuwa habari. Alichosikia ni hadithi. Mwanamume anayemwomba opereta wa simu amuunganishe na mwaka 1982 ili aombe radhi. Mwingine, katika "On the Other Hand", anayehesabu sababu za kubaki na mwanamke aliye naye, huku mkono wa pili una pete ya ndoa.

Na kuna "Send My Body", aliyoitunga Travis mwenyewe, ambayo sijakutana na mhakiki aliyetulia nayo. Mtu yuko mbali na kwao, anaomba mwili wake urudishwe nyumbani kwa treni ya mizigo, wala hajali kama hatasafiri kwa daraja la kwanza. Mwambie Mkenya yeyote wa hapa kwamba huo ni wimbo wa kupitisha haraka! Kila mara kundi letu la WhatsApp linapopokea ujumbe wa msiba, jambo la kwanza ni hesabu ya kusafirisha mwili: nyumba ya mazishi, hati, ndege ya mizigo hadi Nairobi, gari hadi kijijini. Watu wasiofahamiana wanatuma dola 20, dola 50. Mweka hazina anaandika majina hadi usiku wa manane, na hakuna anayeuliza kwa nini asizikwe hapahapa.

Kwa hiyo nikiulizwa ni wapi pa kuanzia albamu hii, sitaji nyimbo zilizofika nambari 1. Anza na "1982", kisha ruka moja kwa moja hadi "Send My Body", sauti iwe juu. Zile nyingine nane utazirudia mwenyewe.