Kivuli cha mlingoti

Nilikuwa fundi wa umeme katika mwalo wa Kasenyi, karibu na Entebbe, nilipofunga paneli yangu ya kwanza ya sola juu ya mashua. Mwenye mashua alikuwa mzee wa Kisamia nami ni mtu wa Arua, kwa hiyo lugha yetu ilikuwa Kiswahili tu. Alikuwa amechoka kuishusha betri ya volti 12 na kuipeleka kuchajiwa dukani, maana ndiyo iliyowasha taa na kuendesha pampu ya kutoa maji. Nilimshauri achukue paneli laini inayopindika, ya wati 100, ambayo uzito wake ni kilo 2 hivi, ilhali ya kioo yenye nguvu hiyo ingempandishia kilo 7 au zaidi juu ya paa, na mashua nyembamba haipendi mzigo wa juu. Niliibandika kwa gundi, nikaunga betri kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia uchajiaji, kwanza, kisha paneli, nikapima: ampea 5. Niliondoka nikipiga mluzi.

Wiki haikwisha akaniita. "Fundi, umenifungia pambo."

Betri, ambayo ikijaa husoma volti 12.6 hivi, ilisoma 11.9, yaani zaidi ya nusu ya chaji ilikuwa imekwisha. Nilipima paneli saa saba mchana, nikakuta ampea 5 zilezile, nikailaumu betri, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Mwishowe nilipanda naye kwenda kisiwa cha Koome. Tuliondoka saa kumi alasiri tukielekea mashariki, jua likiwa nyuma yetu, na mlingoti wa bendera uliosimama tezini ukalaza juu ya paneli kivuli cha upana wa kiganja. Mita haikufika hata ampea 1. Nilimwomba kijana wa mashua auchomoe mlingoti. Namba zikapanda hadi 3 papo hapo. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, hivyo seli moja ikizibwa huwabana wenzake wote. Asubuhi mashua ilirudi magharibi, jua likiwa nyuma tena. Mimi nilikuwa nikipima mchana tu, wakati ambapo jua la ikweta liko utosini na mlingoti hauna kivuli cha kutosha kumdhuru mtu.

"Bendera haihami," mzee alisema. "Hamisha sola yako."

Kuibandua bila kuivunja seli kulichukua asubuhi nzima. Tulipitisha uzi wa nailoni wa kuvulia chini yake, yeye upande huu na mimi upande ule, tukaikata gundi kama wapasua mbao. Niliihamishia omoni, safari hii juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, kwa sababu joto nalo hupunguza nguvu ya paneli.

Alfajiri ya siku ya tatu alinipigia simu kutoka Koome, akanisomea mita polepole: "Kumi na mbili. Nukta. Sita."